Albamu tatu za bendi ya Mwandishi, tulivyozisikiliza upya Mtwara

Mtajie mpenzi wa muziki wa zamani hapa Mtwara jina la Herbie Hancock, mpiga piano wa jazz wa Marekani, papo hapo atakuimbia besi ya "Chameleon". Simlaumu. Head Hunters, albamu ya mwaka 1973 yenye wimbo huo, iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja, ikaingia hata kwenye nyumba ambazo neno jazz halijawahi kutamkwa. Ninachogombana nacho ni watu kuishia hapo. Kabla ya Head Hunters kuna albamu tatu, Mwandishi (1971), Crossings (1972) na Sextant (1973), za bendi ya watu sita iliyosambaratika kwa kukosa fedha, na kwa miaka mingi hata mashabiki wa Hancock wenyewe waliziona ni miaka aliyopotea njia kabla hajafika alikokuwa anakwenda. Siku hizi zinasikilizwa upya huku na huko duniani, na sisi wa kusini hatukukaa nyuma. Msimamo wangu nautoa mapema: kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya Hancock miaka ya sabini imo humu, na Crossings ndiyo kilele chake.

Huo ni msimamo wa fundi mitambo. Nakodisha muziki: spika, miksa, maiki na jenereta, kwa harusi, mikutano na sherehe za kutoa wali wa jando na unyago, kuanzia Mtwara mjini hadi Nanyamba na Tandahimba. Korosho zikilipa vizuri, miezi ya baada ya mnada hatulali. Kazi hii inakulazimisha kusikiliza kuanzia chini. Kwanza besi na ngoma, mengine baadaye. Chini kukitulia, ukumbi utacheza hata kama mwimbaji ni wa kubahatisha. Chini kukiyumba, mwimbaji mzuri ataonekana hana lolote na lawama zitamrudia fundi. Watu wengi wanaoandika kuhusu jazz wanaanza na tarumbeta, nani kapiga noti gani, nani kampiku nani. Mimi albamu hizi nimezipima kama ninavyopima ukumbi kabla wageni hawajaingia.

Tunakutana Jumapili jioni, vyombo vikisharudi stoo, uani kwa mjomba wangu Shangani. Mjomba alifanya kazi bandarini hadi alipostaafu, na mapenzi yake kwa Head Hunters ni ya miaka mingi. Yupo shemeji, mdogo wa mume wangu, mwalimu wa fizikia sekondari. Yupo na mzee mmoja wa Newala aliyepiga ngoma za sindimba tangu ujana wake, ambaye sisi sote tunamwamkia kabla ya kugusa chochote. Ming'oko ya kuchemsha inakuwepo, na chumvi na pilipili pembeni. Nafunga spika mbili na sabufa moja, sauti ya kadiri, maana majirani wana watoto wa shule. Mwandishi na Crossings tunazo kwenye mkusanyiko wa CD mbili uliotoka mwaka 1994, ambao una na Fat Albert Rotunda ya 1969 ndani yake. Sextant shemeji anayo kwenye kompyuta mpakato.

Kwa asiyewajua, habari yao kwa ufupi. Hancock alizaliwa Chicago mwaka 1940, akasoma chuo cha Grinnell huko Iowa, muziki pamoja na uhandisi wa umeme, kisha akapiga piano kwenye bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis kuanzia 1963 hadi 1968. Mwaka 1970 akawa amepata watu wake: Buster Williams kwenye besi, Billy Hart kwenye dramsi, Bennie Maupin kwenye klarineti ya besi na filimbi, Julian Priester kwenye tromboni, Eddie Henderson kwenye tarumbeta. Ilikuwa miaka ambayo Wamarekani weusi wengi walichukua majina ya Kiswahili kwa kujivunia asili yao, na mpiga ngoma James Mtume ndiye aliyewaletea majina hayo. Hancock akawa Mwandishi, Williams akawa Mchezaji, Hart akawa Jabali, Maupin akawa Mwile, Priester akawa Pepo Mtoto, na Henderson, ambaye ni daktari wa kusomea, akaitwa Mganga. Mzee wetu alipoyasikia majina hayo alitaka kwanza kujua kama wenyewe walikuwa wanaitana hivyo jukwaani au ni ya kwenye jalada tu. Kisha akasema basi tuwasikilize kwa adabu.

Jambo moja la kuwatahadharisha wasomaji. Sisi neno jazz tumelelewa nalo kwa Morogoro Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz: magitaa matatu yanajibizana, mwimbaji anasimulia kisa, halafu wimbo unachangamka watu waingie uwanjani. Ukija humu ukisubiri gitaa la Mbaraka Mwinshehe, utasubiri mpaka santuri iishe. Mwimbaji wa kusimulia kisa hakuna. Gitaa linapita kwenye wimbo mmoja tu, la Ronnie Montrose, nalo linarusha milio badala ya kupiga mashairi. Ndugu yangu mmoja wa Lindi nilimtumia "Quasar", wimbo wa Crossings, akanipigia kuuliza kama faili limeharibika. Halikuharibika.

Mwandishi ilirekodiwa San Francisco siku ya mwisho ya mwaka 1970. Ina nyimbo tatu tu. Wa kwanza, "Ostinato", Hancock aliutunga kwa heshima ya Angela Davis, mwanaharakati wa Wamarekani weusi, ambaye wakati huo alikuwa ndani akisubiri kesi. Mahakama ilimkuta hana hatia Juni 1972. Huu ndio wimbo ninaompa mtu mgeni. Besi na klarineti ya besi zinashika kauli moja fupi nzito na kuirudia kwa takriban dakika 13, na mzunguko wake una mapigo 15. Kumi na tano, si kumi na sita. Mguu uliozoea kumi na sita unafika mwisho wa mzunguko unataka kukanyaga, unakuta kauli imeshaanza upya. Shemeji alichukua karatasi akachora vijiti, akahesabu, akafuta, akahesabu tena. Mzee hakuhesabu chochote. Alichukua kijiti akawa anagonga ukingo wa kiti, mwanzoni wakapishana, baadaye akaingia ndani na hakutoka tena. Alipomaliza alisema, "Mwanangu, hapa wanakunyima pigo moja makusudi ili usikae."

Ndiyo maana ya wimbo mzima. Hukai. Juu ya kauli hiyo wanapiga watu wawili wa dramsi, Hart na kijana wa miaka 18 aliyeitwa Leon Chancler, naye akijulikana kwa jina la Ndugu. Miaka kadhaa baadaye Chancler huyu ndiye aliyepiga dramsi za "Billie Jean" ya Michael Jackson, kwa hiyo ngoma yake umeshaicheza bila kumjua. Wawili hao hawagombanii nafasi. Ukisikiliza kwa sabufa unagundua teke la dramsi, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, linakuja pale tu besi inapopumua. Wapiga dramsi wetu wengi wa bendi za harusi wangefaidika sana na jambo hilo, maana nikiwawekea maiki kwenye teke wanataka kulipiga kila pahala.

"You'll Know When You Get There" ni wimbo mtulivu na mzuri, Henderson anapuliza kwa sauti nene isiyo na haraka, na piano ya umeme ya Fender Rhodes inatetemeka chini yake. Sina la kuongeza, uusikilize usiku. "Wandering Spirit Song", uliotungwa na Priester, unapita dakika 21, na hapa nakubaliana na waliolalamika zamani. Mwanzo wake ni wa heshima, pembe zote tatu, yaani vyombo vya kupuliza, zinapanda pamoja polepole mpaka nywele zinasimama. Kisha katikati kila mtu anashika njia yake, kelele juu ya kelele, na chini hakuna wa kushika kamba isipokuwa Williams. Mjomba huwa anainuka wakati huo kwenda kutazama jiko. Mimi huwa nakaa, kwa sababu ya Williams, lakini siwezi kukuambia kwamba dakika zote 21 zina kazi.

Sasa Crossings. Hii niko tayari kuitetea mbele ya yeyote.

Upande wote wa kwanza ni wimbo mmoja, "Sleeping Giant", karibu dakika 25. Unaanza kwa ngoma na vyombo vya kugonga na kutikisa, bendi nzima imeshika vyombo hivyo, wapuliza pembe pamoja nao, na hakuna piano wala besi. Ukiusikiliza kwenye simu utadhani ni fujo ya vijiti. Kwenye spika unazisikia ngoma zimekaa mbalimbali, moja iko karibu na sikio, nyingine iko nyuma ya chumba, na kati yao kuna uwazi. Fundi aliyerekodi alijua kuuacha uwazi huo. Siku hizi kila kitu kinabanwa mpaka ngoma ndogo na ngoma kubwa zinalingana nguvu. Humu ngoma ndogo imeachwa kuwa ndogo, na ikilia unaigeukia. Mzee alinyanyua mkono tusiongee. Kwao ngoma zinapashwa moto ngozi ikaze kabla ya kuchezwa, na kila moja ina kazi yake, kuna inayoita, kuna inayojibu, kuna isiyobadilika hata mchezaji akianguka. Alizitafuta zote tatu ndani ya "Sleeping Giant". Inayoita aliipata, inayojibu aliipata, na isiyobadilika alisema haipo, wanaishika kwa zamu. Hilo nililisikiliza tena nikiwa peke yangu na ni kweli. Uzi wa wimbo unatoka kwa Hart unaenda kwa Williams, kutoka kwa Williams unaenda kwenye mkono wa kushoto wa Hancock, na ukirudi kwa Hart anaupokea pale pale alipouacha.

Halafu inakuja sehemu ya kucheza. Hancock anashika Rhodes kwa ukali, anaikata sauti vipande vipande, besi inaingia chini na kila kilichokuwa kinaelea kinakanyaga ardhi. Hapo mjomba, mtu wa Head Hunters, alianza kutikisa kichwa. Nilimwona, sikumsemesha. Maana kila anachokipenda kwenye "Chameleon" kimo hapa, na tofauti ni kwamba hapa hakikai. Kinachezwa kwa muda, pembe zinaingia na sauti ndefu za huzuni, kinayeyuka, kinarudi kwa sura nyingine. Wanaosema Hancock aligundua funki mwaka 1973 hawajaifikia sehemu hii.

Upande wa pili una nyimbo mbili za Maupin, na juu yake kuna habari ya Patrick Gleeson. Huyu alikuwa na studio San Francisco na alijua kuitumia sinthesaiza ya Moog, mashine ya umeme ya kutengeneza milio, wakati wanamuziki wengi wa jazz hawajawahi kuigusa. Prodyuza David Rubinson ndiye aliyewakutanisha. Hancock alitaka aelekezwe na aandaliwe milio, lakini Gleeson alipoanza kuiwekea milio mikanda iliyokwisha kurekodiwa, Hancock akaipenda na kumwachia aendelee, na mwishowe akamchukua kwenye bendi akawa mtu wa saba. Mimi, mtu wa mitambo, habari hiyo inanigusa. Aliyekuja kufunga mashine akabaki jukwaani.

Na alichofanya kinastahili. Kwenye "Water Torture" milio yake haifuniki chombo chochote. Inatokea nyuma ya klarineti ya Maupin, inaivuta, inaiacha. Hancock ameongeza Mellotron, ile kinanda inayotoa sauti kutoka kwenye mikanda, na juu ya yote hayo besi inakwenda kwa mwendo wake wa pole bila kubabaishwa. Ni zaidi ya dakika 14 na sijawahi kutaka ipunguzwe hata moja. "Quasar" ndiyo fupi, dakika saba na kitu, filimbi na Moog zinafukuzana, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa mgeni. Ningeiweka mwisho wa upande, lakini Maupin au Rubinson waliamua vinginevyo na albamu ni yao.

Niseme kidogo kuhusu Bennie Maupin, kwa sababu anasahaulika. Huyu ndiye aliyepiga klarineti ya besi kwenye Bitches Brew ya Miles Davis. Ni chombo cha kupuliza kinachoishi kule chini, kwenye mawimbi ambayo kawaida ni ya besi na teke la dramsi, na fundi akikosa umakini vitatu hivyo vinavimba pamoja na kuwa uji. Kwenye albamu hizi havivimbi. Williams anashika chini kabisa, Maupin anakaa juu yake kidogo, akizungumza kwa mkwaruzo wa mwanzi, na unaweza kunyoosha kidole ukasema huyu hapa na huyu pale. Bendi ina pembe tatu na hakuna hata moja inayokimbilia juu ili isikike. Ukitaka sababu moja ya kuzisikiliza albamu hizi kwa spika za maana, ni hiyo.

Sextant ndiyo inayosifiwa zaidi sasa hivi. Vijana wanaotengeneza muziki kwa kompyuta wanaiona kama nabii, na sababu wanayo: "Rain Dance" inaanza kwa milio ya sinthesaiza ya ARP inayodondoka bila mpangilio, na mwaka 1973 hakukuwa na bendi nyingi za jazz zilizothubutu kufungua albamu namna hiyo. Shemeji anaipa nafasi ya kwanza. Tumebishana sana, na sijabadilika. Nasikia albamu ambayo juu kumechangamka kuliko chini. Kwenye "Rain Dance" Williams anafanya kazi nzuri lakini anafanya akiwa mgeni ndani ya nyumba ya Gleeson, na kwenye Crossings Gleeson ndiye aliyekuwa mgeni, tena mgeni mwenye adabu.

"Hidden Shadows" ni suala jingine. Huo ni wimbo wa mapigo 19 kwa mzunguko, na unachezeka! Sisemi kwa kutia chumvi. Niliupiga kwa makusudi wakati tunapima vyombo ukumbi mmoja hapa mjini kabla ya harusi, na vijana wangu wawili wa kubeba spika walianza kuyumba mabega bila kuambiwa chochote kuhusu hesabu. Shemeji anasema 19 ni namba tasa isiyogawanyika ndiyo maana haichoshi. Mimi nasema haichoshi kwa sababu Hart anaweka pigo zito palepale kila mzunguko na masikio yanalisubiri. Kwa wimbo huu peke yake Sextant inastahili pesa yako.

"Hornets", dakika 19 na ushee, inajaza upande mzima wa pili. Mlio wa nyigu ndio ulioutawala. Maupin kuna mahali anapuliza kile kichezeo cha watoto cha kuvumisha sauti. Nguvu inayo na sikatai. Lakini mtambo wowote una kikomo cha kubeba, na hapa vyombo vyote viko juu ya kikomo kwa muda mrefu mno, na masikio yanachoka hata kama sauti umeiteremsha. Mzee aliisikiliza yote bila kusema neno, akaomba turudie "Sleeping Giant".

Sextant ilitolewa na Columbia baada ya Hancock kuondoka Warner Bros., na haikuuza. Mwaka huo huo bendi ikavunjika. Watu wanaosimulia habari hii wanapenda kusema muziki ulikuwa mgumu kwa wasikilizaji, na ni sehemu ya ukweli. Sehemu nyingine ni hesabu ambayo yeyote anayesafirisha vyombo anaijua. Watu saba, Rhodes, dramsi, mashine za Gleeson ambazo hazipendi kutikiswa, spika za kutosha ili milio yake iwazunguke wasikilizaji, usafiri, malazi, na ukumbi wa jazz wenye viti vichache. Najua gharama ya kupeleka seti moja Masasi na kurudi. Bendi ya namna hii inaweza kujaza ukumbi kila usiku na bado mwenye bendi akatoa mfukoni, na Hancock ndiye aliyekuwa akitoa. Kwamba iliishi hadi 1973 ni juhudi yake kubwa, na sijasoma watu wakimsifu kwa hilo inavyotakiwa.

Hivyo kwa Head Hunters sina chuki. Alihitaji bendi ndogo yenye ngoma inayokaa, akaipata: Paul Jackson kwenye besi, Harvey Mason kwenye dramsi, Bill Summers kwenye vyombo vya kugonga, na katika wale wa zamani alibaki Maupin peke yake. Mwanzo wa "Watermelon Man" Summers anapuliza chupa ya bia akifuata namna ya watu wa misitu ya Afrika ya Kati ya kupiga filimbi na kuimba kwa kupokezana, na kila nikiusikia nafurahi. Jalada lake nalo lilituchukua muda. Hancock amekaa kwenye kinanda, uso wake umefunikwa kinyago cha mduara chenye asili ya Wabaule wa Côte d'Ivoire, kilichochanganywa na vifaa vya studio ya kurekodia. Mzee alikishika kile kijikaratasi cha CD mbali na macho, akakigeuza kwenye mwanga. Huko kwao lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa kichwani kama kofia ngumu na mara nyingi hupewa uso wa mtu, ukiwa na nywele na meno. Hiki cha Wabaule cha duara na pembe alikiona ni ndugu wa mbali, na alichotaka kujua ni ngoma gani inayokwenda nacho.

Tofauti ninayoisikia mimi ni kwamba kwenye Head Hunters chini kumeshapangwa kabla hujafika. Besi ya "Chameleon", ambayo Hancock aliipiga kwa kinanda cha ARP, inakuja ilivyo na inabaki ilivyo, na wewe kazi yako ni kuburudika. Ni albamu ya kuweka watu wakila. Hizi tatu za nyuma chini kunajengwa mbele yako, kunabomolewa, kunajengwa pengine. Mjomba baada ya Jumapili kadhaa alikiri kwa kinywa chake kwamba upande wa kwanza wa Crossings una kitu ambacho Head Hunters hakina. Ila "Chameleon" bado ndiyo anayoamkia, na haki yake.

Kwa anayetaka kuanza: usianzie kwenye simu wala ile spika ndogo ya bluetooth, kwa sababu nusu ya albamu hizi itabaki hewani bila kukufikia, na utarudi kuniambia haina ngoma. Kama sabufa huna, tafuta earphone za kuziba masikio vizuri. Anza na "Ostinato", nenda "Hidden Shadows", halafu tenga jioni kwa ajili ya "Sleeping Giant" na usiifanyie kazi nyingine pembeni. "Wandering Spirit Song" na "Hornets" ziache mpaka utakapokuwa umeshawajua wenyewe kwa majina. Mwandishi naipa nyota nne, Crossings tano zote, Sextant tatu na nusu, na shemeji ameniomba niandike kwamba yeye anaipa tano.

Ukishazimaliza na bado una kiu, bendi haikufa siku ile ilipovunjika. Julian Priester alitoa Love, Love mwaka 1974, akiliweka na jina la Pepo Mtoto juu ya jalada. Maupin mwaka huo huo alitoa The Jewel in the Lotus, tulivu mno, Hancock, Williams na Hart wakiwa pamoja naye. Iliyo karibu zaidi na Crossings kwa damu ni Realization ya Eddie Henderson, ya 1973: Hancock yumo, Maupin yumo, Williams, Hart na Gleeson wamo, na safari hii wapiga dramsi ni wawili tena, Hart na Lenny White. Hiyo ndiyo ya Jumapili ijayo, na mjomba amekubali nilete sabufa ya pili.